Saba Mahali pa Nane

Lilishushwa Lindi likiwa vipande, ndani ya makasha sita,
na panya wa forodhani walikwisha kulianza bawa la kushoto.
Ndiyo maana Mdachi akataka mshonaji.
Ndiyo maana babu yake mama, Nampota,
fundi wa kanzu pale Ndoro,
alitolewa kibarazani na askari wawili, sindano ingali mdomoni.

Hakuwahi kushona nguo isiyovaliwa na mtu.
Akauliza: mabega yako wapi?
Wakamwonyesha mbavu za mti, nyembamba kama za mbuzi wa kiangazi,
waya zimekazwa huku na huku,
bawa juu ya bawa,
kama kitanda kilichobeba kitanda.
Kitani hiki, wakamwambia. Uzi huu, umepakwa nta.
Mishono minane kila shubiri, fundo kila ubavu.
Kisha wakapaka dawa inayonuka ndizi mbivu
na kitambaa kikajikaza chenyewe, polepole,
hata ukikigonga kwa kidole
kinaitika kama ngoma iliyotoka motoni.

Hapo, mama anasema, Nampota alicheka.
Akalisahau boma. Akaisahau kamba ya miaka tisa nyuma
na aliyening'inia.
Furaha ya fundi haina adabu,
haiulizi kazi ni ya nani.

Aliuliza jioni, akikusanya sindano:
"Na hili likifika juu, litafanya nini?"
Rubani, kijana bado mwanafunzi, pua imebabuka kwa jua,
alilitafuta neno la Kiswahili hadi akalipata.
"Kutazama," akasema. "Kutazama tu."

Kutazama tu.
Nchi hii ilikwisha jifunza kumficha mtu atembeaye:
njia hupindwa, mlango huelekea kichakani,
mtama huzikwa shimoni na juu yake hupandwa maboga.
Kujificha na aliye juu
hakuna aliyewahi kujaribu. Juu alikuwa Mungu.

Likaruka Jumanne, likapita Mingoyo, likapita Mtama,
likapanda Rondo.
Wanawake wakawafunika watoto nyuso: dege! dege!
maana dege walimjua,
yule ampitiaye mtoto utosini
naye akakakamaa, macho yakageuka meupe.
Hili halikumkakamaza mtu.
Aliyekaa mbele alichora tu, kwa penseli, ubao magotini.
Mstari ni njia.
Nukta ni moshi.
Kiduara ni shamba la maboga lisilo na nyumba.

Wiki iliyofuata askari walipanda na majembe.
Hawakumwuliza mtu njia.
Shimo la tatu lilikuwa la shemeji yake Nampota,
mwenye watoto watano. Mvua zilipokuja walikuwa watatu.

Lenyewe halikudumu. Lilianguka ng'ambo ya Nyangao,
bawa la kushoto limefumuka kama mkoba wa mlevi.
Ni unyevu, Mdachi mmoja akasema. Ni joto la huku, akasema mwingine.
Wakamwita fundi.
"Nilishona vizuri," akajibu. "Kushona vibaya sijui."
Alilisema bomani. Akalisema nyumbani.
Akalisema tena siku ya kufa kwake, miaka mingi baadaye,
na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Watu walikwenda usiku na visu, wakakichuna kitani chote.
Bibi yangu Somoe alibebwa mgongoni kwa mbeleko ya bawa,
na hadi uzee wake akisikia harufu ya ndizi mbivu
alikuwa anasinzia.

Mimi nashona sare za shule, hapo hapo Ndoro.
Kipande nilichorithi hakifiki urefu wa mkono.
Juzi umeme uliporudi nilikitandaza chini ya taa ya cherehani
nikahesabu, shubiri kwa shubiri:
nane, nane, nane,
saba,
nane, nane,
saba.

Panya, labda. Au ni miaka tu.
Kidole changu kinapita penye saba,
kinarudi.